Nyiragongo unatoka mdogo na wa kijivu: jibu kwa kijana wa Majengo

Swali: Mimi ni kijana wa Majengo, hapa Goma. Mwezi wa saba wote nilikuwa napanda juu ya paa la jirani kila nikitoka masomoni, saa sita mchana, kupiga picha za volkano yetu, Nyiragongo. Kamera yangu ni ya mkono wa pili, ina lenzi yake ya 18–55. Mlima unatoka mdogo, wa kijivu, kama si ule ninaouona kwa macho. Nataka kuandaa maonyesho kuhusu mlima na urithi wa watu wanaoishi chini yake, lakini sitaki kila picha iwe ya moto na maafa. Je, nitafute lenzi kubwa? Na hayo ya utamaduni nianzie wapi?

Mdogo wangu, lenzi usinunue kwanza. Najua roho yako imeshatangulia Birere kuulizia bei, lakini shida yako ya kwanza ni kalenda, na ya pili ni mahali unaposimama.

Nyiragongo umesimama karibu kaskazini kabisa mwa mji. Sisi wa Goma tunaishi tukiangalia ubavu wake wa kusini, na mji wetu uko kusini mwa ikweta kwa nyuzi moja na nusu hivi. Sasa fikiria jua la mwezi wa sita na wa saba: linapita upande wa kaskazini. Ulipokuwa juu ya paa saa sita mchana, jua lilikuwa mbele yako, juu sana, likimulika mgongo wa mlima ambao hatuuoni. Ubavu wetu ulibaki na mwanga wa kuteleza tu, usioonyesha bonde wala kingo. Ongeza vumbi la kiangazi na moshi wa mashamba yanayochomwa, vyote vimetanda kati yako na kilele, kilomita 17 au 18 za hewa chafu, halafu uniambie kijivu kingekosaje kutoka. Kamera yako ni nzima, haina ubovu.

Mwezi wa kumi na mbili na wa kwanza mambo yanageuka. Jua linakuwa kusini, nyuma ya mgongo wako unapoutazama mlima, na ubavu wetu unapata mwanga wake kamili. Mvua zinazoanza mwezi wa tisa zinaosha hewa. Usiku ukipiga mvua kubwa ikakatika kabla ya alfajiri, weka saa iamke, usilale: asubuhi hiyo utahesabu makorongo ya mlima moja moja. Hata mwezi wa saba si wa kutupa, ila uende saa kumi na mbili asubuhi. Jua likitoka mashariki linaupiga mlima kwa ubavu, na hapo utaliona bega la Shaheru, shimo la zamani lililo upande wetu wa mlima, likijitenga na koni kubwa. Mchana wa saa sita bega hilo linapotea kabisa, mlima unabaki ubao bapa.

Huku kwetu jua linapanda wima, kwa hiyo ule mwanga laini haukai. Kufika saa mbili unakuwa umekwisha, na mara nyingi mawingu yameshaanza kukivaa kilele. Jioni inawezekana pia, hasa baada ya mvua ya alasiri, lakini jioni ni bahati. Asubuhi ndiyo kazi. Ukipata kwa mtu kichujio cha polarizi, kile kioo cha mbele ya lenzi kinachopunguza mng'ao wa anga, kiazime: kinafanya kazi yake vizuri zaidi ukiangalia mahali palipo pembe mraba na jua, na jua la mashariki na mlima wa kaskazini vinakupa pembe hiyo bure.

Sasa udogo. Kilele kina mita 3,470, Goma iko kwenye mita 1,500 hivi. Kwa umbali ule, mlima unasimama mbele ya macho yako kwa nyuzi 6 na kidogo tu. Jicho linaukuza kwa sababu unaujua na unauogopa. Lenzi haijui wala haiogopi. Ukipiga kwa 18, upande mpana wa lenzi yako, mlima unapata kama sehemu moja ya nane ya kimo cha picha, zinazobaki ni mbingu na mabati. Zungusha lenzi hiyohiyo hadi 55, mlima unafika sehemu mbili kwa tano. Huo ni mlima mkubwa tayari, na hujatoa hata senti.

Lakini ukubwa wa kweli unatokana na kitu unachoweka mbele. Chukua mtu na chukudu yake, ile baiskeli ya mti ya kubebea mizigo, barabarani. Ukisimama mita 3 kutoka kwake, yeye anajaza nyuzi karibu 30: ni mara tano ya mlima, na Nyiragongo unakuwa kichuguu nyuma ya sikio lake. Rudi nyuma hadi mita 30, uvute kwa 55. Mtu sasa ana nyuzi 3 hivi, mlima una zake 6 zilezile, maana kwa kilomita 17 hatua zako hazibadilishi kitu. Mlima sasa umemzidi mtu mara mbili. Wengi wanafanya kinyume: wakitaka mlima mkubwa wanausogelea, wanatembea nusu saa kuelekea Munigi na hawaoni tofauti kubwa. Wewe rudi nyuma, mbali na kitu cha mbele, usiufuate mlima.

Kabla hujavuta lakini, angalia nini kimeingia ndani ya fremu. Kiwanja cha ndege kiko kaskazini mwa mji, yaani kwenye mstari uleule wa kwenda mlimani, na ukivuta kwa 55 kutoka katikati ya mji unaweza kukibeba bila kutaka. Viwanja vya ndege, mipaka, vizuizi, askari, vilima vyenye askari: hivyo huku kwetu havipigwi picha. Usibishane na mtu wa bunduki kwamba ulikuwa unapiga mlima tu. Shuka darini, tafuta pembe nyingine, na paa la mtu uliombe, hata kama ni jirani. Kuna siku mambo ya usalama hayaruhusu hata kutoa kamera kwenye mfuko. Siku hiyo ni ya kukaa na wazee na daftari, nitalirudia hilo.

Neno moja la alfajiri, na hili nakuomba ulishike kuliko yote. Mpiga picha anapenda kupiga magoti, kulala chini, kuingia kwenye bonde la mawe ili mlima ukae juu ya kitu. Hapo ndipo mazuku yanapokaa. Gesi ya kaboni inayotoka ardhini ni nzito kuliko hewa, inatuama kwenye mashimo, na inakuwa nyingi usiku na alfajiri wakati upepo umelala, saa zilezile nilizokutuma utoke. Pande za magharibi, Bulengo na Mugunga hadi Sake, na pwani ya ziwa huko, watu na mifugo wanakufa nayo. Ukiona shimo lina nyasi zilizokauka wakati za juu zimekuwa mbichi, au ndege au mjusi amelala humo amekufa, usishuke, usiiname. Piga ukiwa umesimama ukingoni. Mahali usipopajua muulize mama wa hapo. Watoto wake wameshakatazwa kucheza sehemu hizo na yeye anajua ni zipi.

Tuje kwenye jiwe, kwa sababu huko ndiko ningekupeleka kuanza maonyesho yako. Shimo la moto limekwisha pigwa. Tangu Haroun Tazieff, mtaalamu wa volkano, aanze kushuka humo miaka ya 1940 na 1950, kila mgeni mwenye kamera anarudi na sahani ileile nyekundu. Ni picha nzuri, sikatai, lakini mji wetu haumo. Mtu wa Goma mlima anao mkononi kila siku: kwenye ukuta wa ua, kwenye msingi, kwenye kokoto inayogongwa kando ya barabara, kwenye ngazi ya mlango. Kaa na ukuta mmoja wa mawe ya volkano asubuhi nzima. Angalia jinsi fundi anavyochagua uso wa jiwe, anavyoligonga mpaka likae, na mstari wa saruji unaopita kati ya jiwe na jiwe kama ramani. Sogea. Jiwe lina matundu ya mapovu ya gesi iliyotoka wakati uji wa volkano unaganda. Jua la saa moja asubuhi likipita pembeni, kila tundu linapata kivuli chake. Hiyo ni picha ya mlima pia, nami naiweka mbele ya ile ya shimo.

Umri wa jiwe nao unasomeka. Volkano imeshuka mwaka 1977, tarehe 10 mwezi wa kwanza. Ikashuka 2002, tarehe 17 mwezi wa kwanza, ikapita katikati ya mji, ikachoma kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, ikafunika sehemu ya njia ya kurukia ndege na kuingia ziwani. Ikashuka tena usiku wa tarehe 22 mwezi wa tano 2021, ikasimama Buhene kabla ya kiwanja cha ndege. Penye jiwe la zamani ambalo halijavunjwa utaona mimea ya kijivu na nyeupe, myembamba kama ukoko, imelivaa. Hiyo ndiyo inayotangulia, halafu kangaga, halafu miti. La 2021 bado ni jeusi zaidi. Piga mawili hayo kwa mwanga mmoja, uyatundike pamoja, na mtu asiyejua kusoma ataelewa. Katikati ya mji tafuta majengo ambayo orofa yake ya chini ilizikwa 2002, mlango wa leo ulikuwa dirisha. Waulize wenyewe.

Hapa kamera itakudanganya. Inapima kila kitu ikidhani ni kijivu cha katikati. Ukiielekeza kwenye uwanja wa jiwe jeusi, inafikiri giza limeingia, inaongeza mwanga, na jiwe linatoka kama majivu. Punguza kwa kipimo kimoja, wakati mwingine kimoja na nusu. Na kuna jambo la sura za watu ambalo waliojifunzia miji mingine hawaliwazi: jiwe jeusi halirudishi mwanga. Penye mchanga au saruji nyeupe, jua linagonga chini na kurudi kujaza chini ya macho na kidevu. Kwetu chini pamekula mwanga wote, na ngozi yetu nyeusi chini ya kofia inatoka shimo mbili za macho. Pata mfuko mweupe wa unga, upasue, mtoto wa jirani aushike chini ya kifua cha unayempiga, nje ya fremu. Sura itafunguka. Pima mwanga kwenye shavu, mbingu iungue ikitaka.

Chukudu sitaisema sana, umezaliwa unaziona. Mji umeijengea sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye mzunguko wa barabara, na kila mgeni anapiga sanamu. Wewe nenda kwa fundi anayezichonga. Piga gurudumu la mti linavyovalishwa mpira wa tairi kuukuu, na pale mpandaji anapoweka goti, palipopigiliwa kipande cha mpira au ndala ili mfupa usiumie. Kisha barabarani, mzigo wa kabichi au makaa ukishuka kutoka Kibumba: shata (muda wa kupiga) sekunde 1/30, mfuate kwa mwili wako wote mpaka apite, yeye atasimama na barabara itakimbia. Nyingi zitaharibika. Ndivyo ilivyo.

Sasa urithi usioshikika. Miteremko ya mlima juu ya mji ni nchi ya Bukumu, na Wakumu wana wazee wao, mwami (chifu) wao, na majina ya vilima ambavyo wewe na mimi tunavipita kwa pikipiki bila kujua. Zaidi ya hapo, pande zote za volkano hizi kuna masimulizi ya kubandwa, ibada ya zamani ya kupokelewa kwa roho mkuu Ryangombe: kwamba Ryangombe na waliopokelewa kwake wanakaa Karisimbi, penye baridi na starehe, na wasiopokelewa wanatupwa kwenye moto wa Nyiragongo. Wazee wengine watakusimulia, wengine watakuambia ni mambo ya zamani na wao wameokoka. Yote mawili ni majibu, yaandike.

Usiende kutafuta kibanda cha mizimu cha kupiga. Usimlipe mtu avae ngozi. Picha ya masimulizi hayo iko wazi mbele ya mji: asubuhi safi ya mwezi wa kwanza, simama mahali pa juu panaporuhusiwa, geuka kaskazini-mashariki kidogo. Nyiragongo uko kushoto, na kulia kunasimama Mikeno na Karisimbi, mita 4,437 na 4,507. Hapo ndipo lenzi yako kwa upande wa 18 inapopata kazi, inaimeza milima yote kwa pamoja. Chini yake weka maneno ya mzee kama alivyoyasema, kwa lugha yake, na Kiswahili pembeni. Mtazamaji ataona moto uko wapi na raha iko wapi, na mji umekaa chini ya moto.

Kwa wazee usifike na kamera shingoni. Siku ya kwanza fika na salamu, ukae, kamera ikae kwenye mfuko. Mweleze mzee picha itatundikwa wapi na nani ataiona, na kama itaingia kwenye simu za watu umwambie hivyo bila kuzunguka, kwa sababu ikishaingia hairudi. Akisema sura hapana lakini mikono ndiyo, piga mikono. Watoto, muombe mzazi. Waliokimbia vita wakakuta hifadhi karibu na mji, usionyeshe sura wala mahali walipo, hata wakikukubalia. Hali ya usalama inabadilika, na picha inabaki ikisema walikuwa wapi. Familia nyingi pia zina albamu: harusi, komunyo, mtoto na baiskeli, na mlima nyuma. Omba kuipiga albamu yenyewe ikiwa mkononi mwa mwenyewe, karibu na dirisha, bila flashi. Ukimpata aliyeokoa albamu mwaka 2002 akaacha godoro, umepata picha ya kati ya maonyesho yako, na haina moto hata chembe.

Kama siku moja ziwa la moto limepanda na wingu juu ya kilele limekuwa jekundu usiku, sikuzuii, mimi mwenyewe siachi. Weka kamera juu ya ukuta na mfuko wa mchele chini yake, 55, tundu la wazi kabisa, ISO 1600, sekunde 4 hadi 8. Zaidi ya hapo moshi unakuwa pamba. Mizani ya rangi (white balance) iweke kwenye jua, usiiache ijichagulie, maana itauosha wekundu ikidhani ni kosa. Na angalia histogramu, ule mchoro wa mwanga kwenye kioo cha kamera, ya nyekundu peke yake. Ndiyo inayoungua ya kwanza wakati ile ya jumla inakuambia mambo ni sawa.

Kupanda hadi ukingoni ni habari nyingine. Njia ya Kibati iko ndani ya Hifadhi ya Virunga, ile iliyoanzishwa 1925 na kuwekwa kwenye Urithi wa Dunia 1979, na inapandwa kwa ruhusa ya hifadhi na walinzi wake wakati tu imefunguliwa. Anayekuambia anajua njia ya pembeni, muage. Ukija kupanda kihalali siku moja, betri zilale kwapani kwa sababu baridi ya juu inazimaliza, na lenzi usiifute kwa shati: moshi una asidi, na nyuzi nyembamba za kioo zinazoruka kutoka kwenye lava zinachora. Puliza kwanza, futa baadaye.

Kwa maonyesho, kila picha ipate mahali, tarehe na jina la mtu kama amekubali litajwe. "Mandhari ya Goma" haimsaidii mtu. "Ukuta wa ua, Katindo, jiwe la 2002" inasaidia. Faili ghafi ziwe sehemu mbili, moja isilale nyumbani kwako. Na pesa ya lenzi igawe hivi: betri ya pili, kwa sababu umeme unaujua; halafu kuchapisha, nakala ya ziada kwa kila mzee na kila fundi aliyekupa sura yake, na uwapelekee kabla picha hazijatundikwa ukutani.